Betri Ipi, na Gari Limezimwa kwa Maana Gani? Uhakiki wa Istilahi za Ufundi wa Magari ya Mseto

Mwanafunzi akilikosea neno la sarufi atapoteza alama. Fundi akilikosea neno la betri aweza kupoteza maisha. Hoja hii ni nyepesi kuitaja, lakini haionekani kuwa ndiyo inayoongoza uchaguzi wa maneno katika tafsiri nyingi za maelekezo ya ufundi. Aghalabu tunauliza kama neno lina asili ya Kibantu, au limetoka katika Kiarabu, au limekopwa juzi kutoka Kiingereza. Ni mara chache tunauliza swali lililo la kwanza kwa uzito: msomaji akiisha kulisoma neno hili, mkono wake utashika nini?

Makala hii inakusudia kulitumia swali hilo kama kipimo katika eneo moja dogo, yaani maelekezo ya kutafuta hitilafu za betri na za programu katika pikapu ya mseto. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu maneno ya nyumba tatu hukutana humo katika ukurasa mmoja: maneno ya gereji, ambayo ni ya zamani na yametulia, maneno ya umeme, ambayo yamesanifiwa kwa sehemu, na maneno ya kompyuta, ambayo bado ni machanga. Kila nyumba ilijiundia maneno yake bila kupiga hodi kwa jirani. Yanapoketi pamoja, maneno yaliyokuwa salama kwao hugombana.

1. Gari lenyewe

Hakuna awezaye kuhakiki jina bila kukijua kitu. Gari la mfano wetu ni Ford F-150 ya aina ya PowerBoost, iliyotolewa Marekani kwa mwaka wa modeli wa 2021. Ina injini ya petroli ya lita 3.5 yenye silinda sita, na pamoja na giaboksi imewekwa mota ya umeme ya kilowati 35. Mota hiyo hulishwa na betri ya lithiamu yenye uwezo wa kilowati-saa 1.5. Betri hii haichomekwi ukutani. Hujazwa na kazi ya injini, na pia na nguvu inayookolewa wakati gari linapopunguza mwendo. Tena ipo betri ya pili, ya volti 12, ya namna tuliyoizoea siku zote. Hiyo hulisha taa, makufuli ya milango na kompyuta ndogo nyingi zinazoliongoza gari. Altaneta hamna. Betri ya volti 12 hujazwa kwa chombo kinachochukua umeme wa betri ya lithiamu na kuushusha volti.

Kutokana na mpango huu huzaliwa mnyororo wa matatizo ambao mfasiri hana budi kuufahamu. Kompyuta za gari hupokea programu mpya kwa njia ya mawimbi, bila waya, na kazi ya kuziweka programu hizo hufanyika gari likiwa limeegeshwa na kuzimwa. Wakati huo mzigo wote huibebesha betri ya volti 12. Ikiwa betri hiyo ni dhaifu, gari hukataa kuanza kazi ile au huiahirisha. Mwenye gari hulalamika kuwa programu ni mbovu, kumbe ugonjwa uko kwenye betri. Kinyume chake nacho hutokea: kompyuta moja yenye programu yenye kasoro hukataa kulala usiku, ikaifyonza betri hadi asubuhi, naye mwenye gari hununua betri mpya, kumbe ugonjwa uko kwenye programu. Istilahi nzuri ni ile inayomwezesha msomaji kuufuata mnyororo huu pete kwa pete.

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, hukutana na magari ya namna hii barabarani na kazini. Huku kwetu magari ya mseto yaliyotumika Japani yamekwisha kuzoeleka katika barabara za Nairobi na Dar es Salaam. Muundo wa betri mbili ni wa wote, na kwa hiyo shida ya majina ni ya wote.

Tutaje kwa kupita kwamba jina la gari lenyewe lina mtego. Wamarekani hutumia neno moja kwa pikapu na kwa gari kubwa la mizigo. Mfasiri anayeandika "lori" kila alionapo neno hilo humpa msomaji picha ya gari la tani nyingi. Hapa tuseme "pikapu", neno ambalo kila dereva analijua.

2. Mseto, chotara, mahuluti

Maneno matatu yanagombea nafasi ya kulitaja gari lenye nguvu mbili. "Mahuluti" lina heshima ya kimaandishi, lakini wanaolitumia katika mazungumzo ni wachache. "Chotara" limezoeleka kwa wakulima, wanaosema mbegu chotara. Lakini likitajwa juu ya watu lina ladha ya dharau, na tena maana yake hailingani na kitu. Chotara ni kiumbe ambaye asili mbili zimekwisha kuyeyuka ndani yake zikawa mwili mmoja. Katika gari letu nguvu mbili hazikuyeyuka. Injini yaweza kufanya kazi peke yake, mota peke yake, au zote mbili kwa pamoja, na hitilafu ya moja si lazima iwe hitilafu ya nyingine.

"Mseto" ndilo neno linalofaa. Katika chungu cha mseto, mchele na choroko hupikwa pamoja, lakini anayekula bado anaziona choroko. Maana hiyo ndiyo iliyohamia katika "kilimo mseto", ambapo miti na mazao hukaa katika shamba moja bila kupoteza majina yao. Na ndiyo iliyotumika Kenya kuanzia mwaka 2008 hadi 2013 kuitaja serikali ya mseto, ambayo vyama vyake viliketi pamoja bila kuwa chama kimoja. Neno limekwisha kujijengea ukoo. Mfasiri asilibadilishe kwa kutafuta upya.

3. Betri mbili na kitenzi kimoja cha hatari

Katika gari la kawaida "betri" ni neno lililojitosheleza, maana betri ni moja. Katika gari la mseto neno hilo peke yake ni jina la vitu viwili, kimoja cha kushikika kwa mkono mtupu na kingine cha kuua. Hata hivyo wafasiri huendelea kuandika "tenganisha betri", "kagua betri", "badilisha betri", kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Walioiona shida hii wamejaribu kutofautisha kwa kusema "betri kubwa" na "betri ndogo". Jaribio hilo halifai. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 70 hubeba wati-saa 840, yaani karibu kilowati-saa moja; ile ya lithiamu katika gari letu hubeba 1.5. Kwa akiba ya nishati, tofauti yao si ya mlima na kichuguu. Zaidi ya hayo, fundi anayefungua boneti na kuikuta betri ya volti 12, yenye uzito wake na vichwa vyake vinene, ataiita hiyo kubwa, kwa sababu nyingine haioni. Pia zipo "betri ya mwanzo" na "betri ya mwendo". Hizi zinavutia sikio, na ubaya wake ni huo huo: zinafanana mno kwa sauti, na katika gereji yenye kelele mmoja atasema hili na mwingine atasikia lile.

Kinachozitenga betri hizi ni msongo wa umeme. Kanuni za kimataifa za usalama wa magari huhesabu umeme wa mkondo mnyoofu unaozidi volti 60 kuwa wa msongo mkubwa, na nyaya zake hufunikwa kwa rangi ya chungwa. Neno "msongo mkubwa" halikuzaliwa leo. Tanzania imekwisha kulitumia miaka mingi kwa nyaya za gridi, na mwananchi anayeishi chini ya nyaya hizo anajua kuwa haziguswi. Basi tuseme "betri ya msongo mkubwa" kwa ile ya lithiamu, na "betri ya volti 12" kwa ile nyingine. Majina haya ni marefu, lakini la kwanza lina onyo ndani yake, na la pili limeandikwa juu ya kitu chenyewe.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Gerejini, "kufunga" ni kukiweka kifaa mahali pake na "kufungua" ni kukitoa. Fundi husema amefungua betri, na maana yake ni kwamba amelegeza nati na kuitoa. Lakini katika lugha ya kila mtu, kufungua kitu ni kuondoa kifuniko chake. Kwa betri ya volti 12 mkanganyo huu huleta hasara ndogo. Kwa betri ya msongo mkubwa, aliyeambiwa aifungue akachukua bisibisi na kuondoa kifuniko anakutana na umeme ambao haumpi nafasi ya kuuliza maana ya neno. Katika maandishi ya ufundi wa magari haya, "kufungua betri" lifutwe kabisa. Tuandike "kuitoa betri", "kutenganisha waya wa hasi", au "kuondoa kifuniko", kila kitendo kwa jina lake.

4. Kuwaka na kuzimika

Kiswahili huliona gari kama moto. Gari huwaka, huwashwa, huzimika, huzimwa. Mfano huu umetufaa kwa muda mrefu, kwa kuwa injini ni moto kweli, na masikio yalitosha kumwambia mtu kama unawaka au umezimika. Gari la mseto limeuvunja mfano huo. Laweza kuwa kimya kabisa, injini imezimika, lakini mfumo wote uko macho na gari liko tayari kuondoka mara mguu unapogusa pedeli. Anayesikia ukimya na kusema "gari limezimwa" amesema uongo bila kujua, na aliyemsadiki akaingia chini ya gari amejitia hatarini.

Hapa hatuhitaji neno jipya, tunahitaji nidhamu. "Injini imezimika" na "mfumo umezimwa" ni kauli mbili tofauti, nazo zitenganishwe kila mahali. Tena tuchague kauli ya kitenzi kwa makusudi. Injini huzimika yenyewe kwa amri ya kompyuta, basi ni "imezimika". Mfumo huzimwa na mtu kwa kubonyeza kitufe, basi ni "umezimwa". Kiswahili kimetupa tofauti hiyo bure, na ni aibu kuiacha. Hali ya gari kuwa kimya lakini macho iitwe "utayari", na taa inayoionyesha iitwe "taa ya utayari".

5. Betri iliyokufa, iliyokwisha, iliyolala

Mwenye gari husema betri imekufa. Maneno hayo yana maana mbili: kwamba akiba yake imetumika yote lakini ikijazwa itafufuka, au kwamba imechakaa na haishiki tena chaji. "Betri imekwisha" nalo lina utata uleule. Kwa mnunuzi tofauti hii ni ya bei ya betri nzima. Napendekeza "imeishiwa chaji" kwa hali ya kwanza na "imechakaa" kwa hali ya pili. "Imekufa" tuwaachie wasimuliaji.

Ipo hali ya tatu, ambayo watengenezaji huieleza kwa mfano wa usingizi: gari huzima vyombo vyake vya mawasiliano ili kuilinda betri ya volti 12 isiishiwe. Katika hali hiyo simu ya mwenye gari haipati habari zake, na programu mpya haziingii. Wapo wanaoupinga mfano wa usingizi kuwa ni wa kigeni. Sikubaliani nao. Lugha inayosema shilingi imelala na mashine imekufa haiwezi kuona haya kusema kuwa gari limelala. "Usingizi wa kulinda betri" ni istilahi nzuri, kwa sababu inataja hali na sababu yake, na msomaji hatadhani kuwa gari limeharibika.

6. Chaji

Neno "chaji" limekubalika, na kulipiga vita sasa ni kupoteza wino. Lakini lina kazi tatu: kile kilichomo ndani ya betri, kiasi chake, na kitendo cha kukitia. "Angalia chaji" ni kuangalia kiasi, au ni kuangalia kama kitendo kinaendelea? Tuandike "kiwango cha chaji" kwa kiasi, na "kujaza" kwa kitendo kinachofanywa na gari lenyewe. "Kuchaji" libaki kwa kazi ya mtu mwenye chombo cha nje. Hapo msomaji atajua mara moja kama anatakiwa kufanya jambo au kungoja gari lifanye.

Tofauti hii ina faida nyingine. Pikapu hii ina soketi katika sehemu ya mizigo, na soketi hizo hutoa umeme kwa misumeno, taa na vifaa vya namna hiyo. Mfasiri asiyelijua gari huona soketi na neno "chaji" katika ukurasa mmoja, akaandika kuwa gari lichomekwe. Vilevile mfasiri anayetegemea orodha ya zamani huandika "kagua altaneta" kila betri inapoishiwa chaji, na kumtuma fundi akitafute kifaa ambacho hakimo. Chombo kinachofanya kazi hiyo hapa kiitwe "kishusha-volti".

7. Kupakua, kusakinisha, kusasisha

"Kusasisha" limesemwa vibaya na baadhi ya wanasarufi, eti limetokana na kielezi. Lakini kiambishi -isha hakikuanza jana kuyageuza maneno yasiyo vitenzi: tunasahihisha, tunahakikisha, tunarahisisha, tunalazimisha. Kwa umbo, sasisha limo ukoo. Kasoro yake ni ya maana. Linataja matokeo, yaani kuwa kitu sasa ni cha wakati huu, bila kutaja hatua. Katika pikapu hii hatua ni mbili, na kila moja ina masharti yake. Kwanza programu hupokewa, na hapo kinachohitajika ni mawasiliano mazuri. Kisha huwekwa ndani ya kompyuta, na hapo kinachohitajika ni chaji ya kutosha na gari lisiloendeshwa. Aliyeambiwa tu kwamba "kusasisha kumeshindikana" hajui kama atafute mawasiliano au apime betri.

Kwa hatua ya kwanza wafasiri wa kompyuta hutumia "kupakua". Neno hili limeazimwa kutoka bandarini na jikoni, na katika ofisi limetulia vizuri. Lakini sisi tunazungumzia gari la mizigo! "Usiendeshe gari likiwa linapakua" ni onyo kwa dereva kuhusu programu, au kwa kuli kuhusu magunia? Neno lisilo na lawama mezani limekuwa kichekesho gerejini. Kwa magari tuseme "kupokea programu". Kwa hatua ya pili, "kusakinisha" lina mzizi mmoja na maskani, na picha yake ya kukipa kitu makao ni njema. Likubaliwe, lakini mwalimu alifafanue kwa "kuweka programu" mpaka lizoeleke. "Kusasisha" libaki kuwa jina la kazi nzima.

8. Kosa na hitilafu

Skrini inapoandika kuwa kuna "kosa", dereva hujiuliza amekosa nini. Kosa lina mkosaji; hitilafu haina. Nambari ambazo kompyuta huzihifadhi ziitwe "nambari za hitilafu". Vivyo hivyo, kichwa cha sura hizi huandikwa "Utatuzi wa Matatizo", ilhali sehemu kubwa ya kazi ni upekuzi kabla ya utatuzi. Anayeanza na utatuzi hubadilisha betri. Anayeanza na upekuzi huipima. "Utafutaji wa hitilafu" linamwambia fundi aanzie wapi.

9. Jaribio

Tuchukue aya ya namna inayoonekana mara nyingi: "Lori likishindwa kupakua, zima gari, fungua betri, chaji kisha sasisha. Kosa likiendelea, badilisha betri." Kila neno ni Kiswahili na sarufi haina dosari. Lakini msomaji hajui ni betri ipi, haambiwi kipi kifunguliwe, wala hajulishwi gari limezimwa kwa maana gani, na mwishowe anaambiwa anunue kitu ambacho hakukipima.

Tulinganishe na aya hii: "Pikapu ikishindwa kupokea au kusakinisha programu, iegeshe mahali penye mawasiliano mazuri na uzime mfumo mpaka taa ya utayari izimike. Baada ya gari kupumzika, pima betri ya volti 12. Ikionyesha karibu volti 12.6, kiwango cha chaji ni kizuri. Ikiwa volti 12.0 au chini yake, imeishiwa chaji au iko karibu kuishiwa. Ichaji, waya wa chanya ukiwa kwenye kichwa cha chanya, na waya wa hasi kwenye sehemu ya chuma ya gari iliyotajwa katika kitabu, usiwe kwenye kichwa cha hasi chenyewe. Maana hapo pana kihisio kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ikiishiwa tena baada ya usiku mmoja, chunguza kama imechakaa au kama ipo kompyuta isiyolala. Ukiweka betri mpya, kompyuta ijulishwe. Nyaya za rangi ya chungwa na betri ya msongo mkubwa zishughulikiwe na fundi aliyefunzwa kazi hiyo tu."

Aya ya pili ni ndefu zaidi ya ya kwanza mara nane hivi, na wapo watakaosema kuwa mafundi wetu wanaelewana bila urefu wote huo. Ni kweli wanaelewana, kwa sababu gerejini msemaji huonyesha kwa kidole. Maandishi hayana kidole. Kazi ya kidole hufanywa na istilahi. Kwa hiyo orodha yoyote ya maneno ya magari haya isipitishwe mezani peke yake. Isomwe kwa sauti mbele ya fundi aliyesimama karibu na gari lililozimwa kwa maana zote mbili, naye aonyeshe kila kitu na kila kitendo kinachotajwa. Neno litakalomfanya aonyeshe mahali pasipo penyewe lirudishwe kwa wanaistilahi, hata kama asili yake ni safi na umbo lake ni zuri.